Uzi maalumu: Mbavu za nguruwe za moshi nyumbani, laini na bila kuzichemsha kwanza

Moto_Mdogo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili linajirudia sana humu na kila mara linajibiwa nusu nusu, kwa hiyo naona lipewe uzi wake. Mtu anasema: rangi imetoka safi, harufu ya moshi ipo, lakini ukitia jino ni kama unatafuna mkanda. Tatizo nini?

Tatizo ni kwamba hazijaiva. Ni salama kuliwa, sawa, ila bado hazijaiva kwa maana ya mbavu. Watu wanachanganya haya mawili.

Nyama nzima ya nguruwe, isiyosagwa, ni salama ikifika nyuzi 63 za Selsiasi ndani kisha ikapumzika dakika tatu. Hicho ndicho kiwango cha Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu 2011. Kabla ya hapo walisema 71. Sarara ukiitoa hapo unakula vizuri tu. Ubavu ukiutoa hapo taya zitakuuma, kwa sababu mbavu zimejaa kolajeni, zile nyuzinyuzi ngumu zinazoshika nyama na mfupa. Kolajeni huanza kulegea na kugeuka jelatini nyama ikipita kama nyuzi 70, tena polepole mno. Ikiwa kati ya 85 na 95 ndipo kazi inakwenda. Ule utamu unaonata vidoleni ndio jelatini yenyewe. Kwa hiyo shida yetu yote ni kuifikisha nyama kwenye joto hilo na kuiacha ikae huko, bila nje kuungua wala kukauka. Moshi ni wa ladha tu, haulainishi kitu.

Nyama kwanza. Kuna mbavu za juu karibu na uti wa mgongo: fupi, zimepinda, nyama yake haina mafuta mengi. Na kuna za chini upande wa tumbo: ndefu, bapa, zina mafuta na kolajeni zaidi. Anayeanza achukue za chini, zinasamehe makosa. Angalia pia mifupa isiwe imechungulia juu ya nyama, maana aliyekata akipitisha kisu karibu mno na mfupa amekuuzia mifupa, na sehemu hiyo itakauka kabla ya nyingine.

Geuza upande wa ndani. Utaona utando mweupe unaong'aa umetandaa juu ya mifupa. Huo haulainiki hata ukiupika mpaka kesho. Ingiza mpini wa kijiko chini yake juu ya mfupa wa pili au wa tatu kutoka mwisho, usukume taratibu mpaka utando uinuke na kidole kipite. Unateleza, kwa hiyo ushike kwa karatasi ya jikoni na uvute kwa mkono mmoja huku mwingine umekandamiza nyama. Ukibahatika unatoka wote kwa mvuto mmoja, na sauti yake utaisikia.

Chumvi gramu 10 hivi kwa kila kilo, ipake usiku uliotangulia, weka kwenye friji bila kufunika. Chumvi inaingia ndani ya nyama na kuisaidia kushika maji yake. Hivyo vingine vyote, paprika, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, sukari ya kahawia, vinabaki juu juu, kwa hiyo hata ukivipaka wakati unawasha moto hujapoteza kitu. Kama nyama imekuja imeshadungwa maji ya chumvi kiwandani (soma kifungashio), usiongeze nyingine.

Sasa moto, ambapo wengi ndipo wanapoharibu. Mkaa ukae upande mmoja wa jiko, nyama upande mwingine, na chini ya nyama weka sinia la maji: linadaka mafuta na kutuliza joto lisipande na kushuka. Tundu la hewa la juu liache wazi kabisa, moto uendeshe kwa tundu la chini. Unataka nyuzi 107 hadi 121 pale nyama ilipolala. Nasema pale ilipolala, kwa sababu saa ya joto ya kwenye mfuniko inapima hewa ya juu na inaweza kukudanganya kwa nyuzi nyingi tu. Nunua kipimajoto, kiweke usawa wa wavu.

Kwenye jiko la duara kuna njia nzuri ya kuokoa usingizi: panga briketi (vile vipande vya mkaa uliogandamizwa) mbilimbili kuzunguka nusu ya ukuta wa jiko, washa ncha moja peke yake. Moto unatembea wenyewe kutoka ncha hadi ncha kwa saa kadhaa, wewe unagusa tundu tu. Usikimbilie kuwasha mkaa mwingi halafu ukahangaika kuushusha. Kupandisha moto mdogo ni rahisi, kushusha mkubwa ni balaa.

Vipande viwili vitatu vya kuni ngumu kavu, saizi ya ngumi, juu ya mkaa. Subiri moshi mzito mweupe uishe. Ukiona moshi mwembamba, karibu hauonekani, una ubuluu kwa mbali, hapo weka nyama, mifupa ikitazama chini. Funika. Na tafadhali usifungue fungue. Kila ukifungua joto linatoka na hewa inaingia, mkaa unachangamka, ukifunika unakuta joto limeruka.

Baada ya kama saa tatu rangi inakuwa ya mbao ya mninga. Hapo wengine wanafunga kwenye foili, wengine hawafungi, tutabishana chini. Jumla ni saa tano hadi sita kwa mbavu za chini, pungufu kwa za juu. Lakini saa ya ukutani haijui nyama yako ina unene gani. Shika ubavu kwa koleo upande mmoja, mpaka kama theluthi yake, unyanyue. Ukijipinda mpaka nyama ya juu inaanza kupasuka, tayari. Ukibaki umenyooka, rudisha. Nawasilisha.

Kijana wa Wavu

Mkuu somo limeeleweka ila saa sita zote hizo za nini? Mimi nachemsha dakika arobaini na tangawizi, natoa, napiga kwenye mkaa dakika kumi na tano na sosi. Laini mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Moto_Mdogo

Hakuna mgeni anayelalamikia nyama ya bure mkuu 😄

Sikatai kwamba zinalainika. Maji yanayotokota yana nyuzi 100, kolajeni itayeyuka tu, sayansi haijali kama ni sufuria au jiko la moshi. Ila onja yale maji ukishatoa nyama. Ule ni mchuzi. Utamu wa nyama, chumvi uliyopaka, sehemu ya mafuta na jelatini, vyote vimebaki kwenye sufuria, halafu unavimwaga na kuja kuziba pengo kwa sosi. Kama ungekuwa unapika supu ningekupigia makofi.

Dada Kisu

Naungana na mleta uzi, na niongezee. Moshi unashika vizuri kwenye nyama mbichi, baridi na yenye unyevu juu. Ndiyo maana saa ya kwanza na ya pili ndizo za maana. Nyama iliyotoka kwenye maji ya moto ukaikausha na kuichoma dakika kumi na tano inapata harufu ya mkaa, haipati ladha ya moshi. Ni chakula kingine kabisa, si kibaya, ila tusikiite jina moja.

Kama huna muda kweli, fanya kinyume: moshi kwanza saa moja na nusu, kisha funga kwenye foili na umalizie kwenye oveni nyuzi 120. Oveni haina tofauti na jiko nyama ikishafungwa. Huo ni ukweli ambao wapenda moshi hawapendi kuusikia.

Kijana wa Wavu

Hiyo ya oveni nitaijaribu. Ila supu siachi.

Fundi Randa

Mimi ni seremala, niseme la mbao maana naona mtu atakuja kuokota chochote.

Usitumie mabaki ya karakana hovyo. Mbao iliyopakwa rangi au vanishi, hapana. Mbao za kubandikwa kwa gundi, plaiwudi na zile za vumbi lililogandamizwa, hapana. Nguzo na mbao zenye rangi ya kijani kwa mbali zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa ya aina ya zamani ina shaba, kromu na arseniki. Ukizichoma, sumu iko kwenye moshi na kwenye majivu. Hata jikoni pa kawaida usizitie, achilia mbali chini ya nyama.

Msonobari, mvinje wa mapambo, mwerezi na jamii yake wana utomvu. Moshi wake mweusi, mchungu, unaacha masizi. Mkaratusi una mafuta makali, nyama itanukia dawa ya kifua. Tafuta miti ya matunda na miti migumu: mwembe, mpera, mchungwa, mparachichi, mtufaha, mcheri, mwaloni. Iwe imekauka vizuri. Gonga vipande viwili: vikilia vikavu, sawa, vikitoa sauti nzito ya kuzibwa, bado vina maji.

Pilipili Pwani

Fundi, hivi kuloweka kuni kwanza ni lazima? Kila video naona wanaloweka usiku kucha.

Fundi Randa

Mti mgumu ukiulowesha usiku kucha, upasue asubuhi uone. Umelowa ngozi tu, ndani mkavu. Ingekuwa maji yanapenya kirahisi hivyo, mitumbwi ingezama yote. Unachopata ni mvuke kwanza, na kipande kuchelewa kuanza kutoa moshi. Mvuke huo mweupe ndio watu wanaushangilia wakidhani ni moshi mzuri. Tumia kuni kavu, na uzitie chache.

Moto_Mdogo

Hapo kwenye chache piga mstari. Moshi mwingi hauongezi ladha, unaongeza uchungu. Ukila ubavu na ulimi ukawa kama umekufa ganzi, hiyo ni lami ya moshi wa kuni zilizokosa hewa. Dawa si kuzidisha sosi, ni kufungua tundu.

Mama Sinia

Wanangu hamjambo. Mimi nimeogopa kitu kimoja. Nilikata ubavu wa moshi nikakuta ukingo wa ndani mwekundu mwekundu wa waridi, nikaurudisha motoni. Ulikuwa mbichi?

Dada Kisu

Hatujambo mama, shikamoo. Huo haukuwa ubichi. Kuni na mkaa zikiungua zinatoa gesi za oksidi za nitrojeni. Zinaingia kwenye nyama mbichi milimita chache na kukutana na mioglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu, basi rangi inaganda hapo na haiondoki hata nyama ikiiva vipi. Nyama mbichi ina wekundu katikati. Wa moshi unakuwa pembeni, karibu na uso. Wapishi wa Marekani wanaringia pete hiyo, ingawa yenyewe haina ladha yoyote.

Rangi isikutishe wala isikutulize mama. Kipimajoto ndicho cha kuamini. Kichomeke kwenye nyama katikati ya mifupa miwili bila kugusa mfupa, maana ukiugusa utasoma namba isiyo ya nyama.

Mama Sinia

Marahaba mwanangu. Na minyoo je? Tulilelewa tukiambiwa nguruwe apikwe mpaka akauke.

Dada Kisu

Walikuwa na sababu mama. Nguruwe anaweza kubeba tegu na mnyoo wa trikinela, na nyama mbichi kweli ilileta ugonjwa. Lakini hivi vyote vinakufa kwa joto, na mbavu zetu zinapita nyuzi 90, mbali sana juu ya kiwango. Kwa hiyo kwa mbavu huna haja ya kukausha. Cha kuangalia ni kabla ya kupika: ukiona vifuko vyeupe vidogo vimetawanyika ndani ya nyama, usinunue, na kama umeshanunua irudishe. Na ununue nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri. Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kabla havijagusa kitu kingine.

Tai wa Mnara

Nimefuata ile kanuni maarufu ya 3-2-1: saa tatu moshi, mbili kwenye foili, moja wazi na sosi. Nikapata uji. Nyama imeachia mfupa hata kabla sijaiweka mezani. Au ndivyo inavyotakiwa?

Moto_Mdogo

Bila shaka ulitumia mbavu za juu, zile fupi. Kanuni hiyo inafaa mbavu za chini zenye unene, jiko likiwa kama nyuzi 107. Fupi zinatosha 2-2-1, na ukiniuliza mimi hata hizo mbili za foili ni nyingi. Nazitazama baada ya saa moja. Ndani ya foili nyama inapikwa kwa mvuke wake, mambo yanakwenda mbio. Na kama jiko lako lilikuwa 130 huku saa ya mfuniko ikisema 107, basi uji ulikuwa lazima.

Kuhusu mfupa kuchomoka: hiyo ni ladha ya mtu. Ila kwenye mashindano yanayosimamiwa na Kansas City Barbeque Society, chama cha Marekani cha wachoma nyama, nyama inayodondoka mfupani inahesabiwa imeiva kupita kiasi. Wanataka ung'ate, nyama ikuachie pale pale ulipong'ata, alama ya meno ibaki na nyama nyingine ikae mahali pake. Mimi niko upande huo. Nyama laini inatakiwa ishike mfupa kidogo, isikimbie.

Mzee wa Kivuli

Mimi sifungi foili kabisa. Foili inalainisha ule ukoko wa nje uliohangaikia saa tatu, unageuka tope la viungo. Naacha wazi mwanzo mwisho, napulizia maji na siki kidogo kila nikiona pamekauka. Inachukua muda zaidi, lakini ukoko unabaki.

Moto_Mdogo

Mzee wangu, sina ubishi, ukoko wa wazi ni mtamu zaidi. Foili ni kwa mwenye haraka na kwa jiko linalokausha. Kuna njia ya kati: karatasi ya kufungia nyama, ile ya kahawia isiyo na nta wala plastiki. Inapumua kidogo, ukoko haufi wote.

Pilipili Pwani

Naomba ufafanuzi. Joto la nyama yangu lilipanda vizuri mpaka 68 likagoma. Dakika arobaini haliendi popote, nikaongeza mkaa kwa hasira.

Mzee wa Kivuli

Hapo kijana ndipo subira inapopimwa. Nyama inatoka jasho. Maji yanayokauka juu yake yanaipoza kwa kasi ile ile ambayo jiko linaipasha, ndiyo maana namba inasimama. Uso ukishakauka kiasi, joto linaendelea kupanda. Kwenye bega la nguruwe mgomo huo unaweza kula saa kadhaa. Mbavu ni nyembamba, haukai sana. Ukiongeza moto unaunguza nje. Ukishindwa kusubiri, funga foili: jasho halina pa kukaukia, mgomo unaisha.

Bachela Balkoni

Mimi nina jiko la gesi la kuchomea lenye moto sehemu mbili, na ghorofani hatukubaliwi mkaa. Nina matumaini au nifunge virago?

Dada Kisu

Unayo, kaka. Washa upande mmoja tu, nyama ikae upande uliozimwa. Vipande vidogo vya kuni vikavu vifunge kwenye foili, toboa matundu machache juu, weka karibu kabisa na moto. Vikianza kutoa moshi punguza gesi, na fukuzia namba zile zile, 107 hadi 121. Kifurushi kikiisha weka kingine, ila kisizidi viwili. Moshi wa gesi ni mwepesi kuliko wa mkaa, na pete ya waridi inaweza isionekane vizuri. Usijali, hailiwi.

Na hili nalisema kwa kila anayesoma: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba, kwenye gereji, wala balkoni iliyozibwa kwa vioo, hata kama limeshaacha kutoa moshi. Mkaa mwekundu unaoonekana umetulia ndio unaotoa kaboni monoksidi, na haina harufu. Watu wanalala wasiamke.

Tai wa Mnara

Sosi inapakwa lini? Yangu inaungua kila mara.

Moto_Mdogo

Dakika ishirini za mwisho, ubavu ukiwa umeshaiva. Sosi nyingi zina sukari, na sukari haitaki moto wa moja kwa moja. Paka nyembamba, funika, subiri ikaukie na kung'aa, paka tena mara moja. Ukitaka ile alama ya kuchomwa, sogeza juu ya mkaa sekunde chache kila upande huku umesimama hapo hapo, simu iko mfukoni.

Kisha toa, pumzisha dakika kumi hadi kumi na tano, na geuza mifupa juu ndipo ukate. Ukikata nyama ikitazama juu huoni mfupa unapopita na utaishia kuupasua. Mifupa ikiwa juu unaiona, kisu kinapita katikati.

Kijana wa Wavu

Mrejesho wakuu. Nimefanya ile ya dada, moshi saa moja na nusu halafu oveni. Nyumba nzima imehamia jikoni. Swali la mwisho: zimebaki nusu, kesho nazipashaje bila kuzikausha?

Dada Kisu

Zisikae nje zaidi ya saa mbili, zifunge na uweke kwenye friji. Kesho ziache nzima bila kuzikata, foili mara mbili, kijiko cha maji au juisi ya tufaha ndani, oveni nyuzi 120 mpaka kipimajoto kisome 74, kisha fungua dakika tano juu ikauke. Maikrowevu itakurudisha kwenye mkanda wa mleta uzi.

Kijana wa Wavu

Shukrani dada. Mifupa nimeshaitia kwenye sufuria, supu inatokota.